Chupa ya Armagnac ya 1988: niiweke ikomae au niifungue?

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: "Shemeji yangu anaishi Toulouse, Ufaransa. Alipokuja likizo aliniletea chupa bapa ya Armagnac iliyoandikwa 1988, mwaka niliozaliwa. Rafiki zangu wanasema hiyo ni konyaki ya bei nafuu tu, niifungue tuichanganye na Coke. Mimi nimeiweka kwenye kabati la vyombo sebuleni, nataka niifungue nikitimiza miaka 50 ili izidi kukomaa. Nani yuko sahihi? Na siku ya kuinywa, inanywewaje?"

Kaka, nianze na hilo la kuiweka, kwa sababu rafiki zako wa Coke angalau wangeinywa. Ukiisubiri mpaka utimize miaka 50 utafungua kinywaji kilekile kilichotiwa chupani, au pungufu kidogo ikiwa kizibo kitachoka. Armagnac ni brandi, na brandi haikomai ndani ya chupa. Inakomaa ikiwa kwenye pipa la mbao za mwaloni, na siku ilipohamishiwa kwenye kioo, umri wake ulisimama.

Sasa igeuze chupa yako. Ule mwaka 1988 ni mwaka zabibu zilipovunwa, basi. Tafuta tarehe ya pili, ambayo nyumba makini, yaani wazalishaji wanaojali kazi yao, huiandika kwa herufi ndogo kwenye lebo ya nyuma, ikitanguliwa na maneno "mis en bouteille", yaani ilitiwa chupani. Tuseme yako inasema 2018. Maana yake zabibu zilivunwa Septemba au Oktoba 1988, mvinyo wake ukakenekwa (ukachemshwa na mvuke wake ukapozwa kuwa pombe kali) baridi ya mwaka huo, na kinywaji kikakaa kwenye mbao miaka kama 29. Ikisema 1999, kilikaa miaka 10 tu, na iliyobaki yote kilikuwa kimetulia kwenye kioo bila kubadilika. Chupa hizo mbili zina mwaka uleule mbele, lakini ukizionja utadhani hazikutoka shamba moja. Ndiyo maana mtu anayejua Armagnac akipewa chupa huigeuza kwanza kabla ya kusema asante.

Kanuni za eneo inakotoka zinataka Armagnac yenye mwaka wa mavuno itokane na zabibu za mwaka huo peke yake, na isiuzwe kabla ya kutimiza miaka 10. Zile zisizo na mwaka ni mchanganyiko wa mapipa ya miaka mbalimbali, na herufi za kwenye lebo zinahesabu umri wa kile kilicho kichanga kuliko vyote ndani yake: VS ni angalau mwaka 1 kwenye mbao, VSOP miaka 4, XO na "Hors d'âge" miaka 10. Shemeji yako kukuletea chupa ya mwaka wako wa kuzaliwa hakubahatisha. Wafaransa wenyewe hupeana Armagnac hivyo, kwa harusi, kwa kustaafu, kwa siku ya kuzaliwa. Nyumba za konyaki hutoa mwaka mmojammoja kwa nadra sana, nyingi huchanganya ili kila chupa ifanane na ya mwaka jana. Watu wa Gascogne, kunakotoka Armagnac, wao wanaona fahari mwaka ukiachwa ujisemee, hata kama ulikuwa wa mvua.

Na hiyo "konyaki ya bei nafuu"? Konyaki na Armagnac zote ni brandi za zabibu, zote za Ufaransa, na kwa sehemu kubwa zabibu yenyewe ni ileile inayoitwa Ugni blanc. Konyaki inatoka eneo la Charente, kaskazini ya Bordeaux. Armagnac inatoka Gascogne, kusini-magharibi, hasa mkoa wa Gers pamoja na vipande vya Landes na Lot-et-Garonne. Kutoka Toulouse kwenda Auch, mji mkuu wa Gers, ni mwendo wa gari wa saa moja na ushei, kwa hiyo shemeji yako amekuletea kitu cha jirani zake. Na kwa umri, Armagnac ndiyo kaka mkubwa. Karibu mwaka 1310 padri mmoja Mfransisko aliyeitwa Vital Dufour, aliyekuwa mkuu wa utawa huko Eauze na baadaye akawa kardinali, aliandika orodha ya faida 40 za "maji makali", kuanzia kutibu maradhi hadi kulegeza ulimi wa mtu mwenye haya. Hilo la mwisho halijapingwa hadi leo.

Kilichoipa konyaki jina kubwa ni maji. Mto Charente unashuka moja kwa moja baharini, na Waholanzi wa karne ya 17 walipotaka pombe kali ya kupakia melini, waliipata pale karibu. Gascogne iko bara. Mapipa yalivutwa na ng'ombe mpaka kwenye mito, ndipo yaanze safari ya Bayonne au Bordeaux. Mpaka leo konyaki huuza zaidi ya chupa milioni 100 kwa mwaka duniani, Armagnac milioni chache tu, na wazalishaji wake wengi ni familia zenye shamba, ghala na mbwa. Hawana fedha za kulipa wanamuziki wawatangaze. Kwa hiyo ukilinganisha chupa mbili za miaka 20 kwenye mbao, ya Armagnac kweli huwa na bei ya chini, na mimi naona hapo ndipo mnywaji mjanja anapofaidi.

(Kabla sijasahau, Konyagi yetu haihusiki kabisa hapa. Ile hutokana na molasi ya miwa, haina zabibu hata punje. Na Viceroy ambayo rafiki zako bila shaka wanaifahamu ni brandi ya zabibu ya Afrika Kusini, ambako sheria inataka angalau sehemu yake ikae miaka 3 kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 340. Ni kinywaji halali kabisa, na kwa Coke ndicho ningewapa.)

Tofauti yenyewe iko kwenye mtambo, na hapa naomba nikae kidogo maana ndipo ladha inapozaliwa. Kazi huanza na mvinyo mweupe ambao wewe ukiuonja utaukataa: mchachu, mwepesi, una alkoholi kama asilimia 9 tu. Wanaupenda hivyo kwa makusudi. Uchachu unaulinda usiharibike mpaka siku ya kukenekwa, kwa sababu hauruhusiwi kuwekwa salfa kama mvinyo wa kawaida. Salfa ikiingia kwenye mtambo hutoka na mvuke, na harufu yake haitoki tena kwenye pipa. Halafu kadiri mvinyo unavyokuwa na alkoholi kidogo, ndivyo unavyohitajika mwingi kutoa lita moja ya kinywaji, na ndivyo harufu ya zabibu inavyokusanywa kutoka kwenye mvinyo mwingi zaidi. Piga hesabu: mvinyo wa asilimia 9 ukitaka utoe kinywaji cha asilimia 55, unamaliza lita 6 kupata lita 1.

Kama umewahi kuona gongo inavyopikwa, basi mtambo wa konyaki hautakushangaza: chungu cha shaba, moto chini, mvuke unapita kwenye bomba na kupozwa, kisha kilichopatikana kinarudishwa chunguni na kukenekwa mara ya pili mpaka kifike asilimia 70 hivi. Mtambo wa Gascogne ni mwingine. Una nguzo mbili za shaba zilizosimama bega kwa bega, na unafanya kazi mfululizo bila kuzimwa. Mvinyo baridi unaingia kwenye nguzo ya kwanza, ya kupozea, na kulizunguka bomba lenye mvuke. Unaupoza mvuke ule, na wenyewe unapata joto bure. Ukishapata joto unapanda hadi juu ya nguzo ya pili, kisha unateremka kutoka sahani moja ya shaba hadi nyingine kuelekea kwenye moto. Wakati huohuo mvuke unapanda kutoka chini, na kwenye kila sahani unalazimika kupita katikati ya mvinyo unaoshuka, ukitokota, ukibeba mafuta na harufu zake. Unaotoka mwisho una asilimia 52 hadi 60 tu kwa kawaida. Sheria inaruhusu mpaka 72.4, lakini wakongwe hawaendi huko.

Alkoholi ikiwa chini namna hiyo, vitu vingine vingi vimesalia ndani: mafuta mazito ya zabibu, ladha ya plamu, ukali fulani wa udongo. Ndiyo maana Armagnac changa ni kali na ya kishamba kuliko konyaki changa. Mtu akisema ina ukali usiopigwa pasi, hajakosea. Akiirudia baada ya miaka 20 ataikuta na mambo mengi zaidi ya kusema, kwa sababu mbao zilipewa malighafi ya kutosha kufanyia kazi.

Mitambo mingine iko juu ya matela. Mkenekaji anazunguka nayo shamba hadi shamba kuanzia Oktoba au Novemba, anafunga mtambo kwenye banda, anawasha kuni, na kwa siku kadhaa mchana na usiku hatoki hapo. Analala kwa zamu karibu na moto, na kila baada ya muda anatazama kipimo kinachoelea kwenye kinywaji kinachochuruzika, cheupe kama maji, akiongeza au kupunguza kasi ya mvinyo. Familia yenye shamba inaleta nyama ya bata na majirani wanakuja kula pale pale. Kazi yote lazima iwe imekwisha tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata mavuno.

Kuna zabibu moja ambayo lazima niitaje, ingawa hukuuliza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 mdudu wa filoksera kutoka Marekani aliteketeza mizabibu ya eneo hilo kama alivyoteketeza kwingine Ufaransa. Zabibu iliyokuwa ikitegemewa, Folle blanche, ilipopandikizwa kwenye mizizi ya Kimarekani ikawa inaozea mtini. Mwaka 1898 mwalimu wa shule wa kijiji cha Bélus, François Baco, aliichanganya na zabibu yenye damu ya Kimarekani iitwayo Noah, akapata mmea mgumu unaopenda mchanga wa huko. Ukapewa jina la Baco 22A. Wataalamu wa Paris hawapendi machotara, na kwa miongo mingi hiyo ilikuwa chotara pekee iliyokubalika kwenye kinywaji cha Kifaransa chenye jina la eneo linalolindwa kisheria. Mkulima anayetaka chupa za kukaa miaka 30 au 40 mara nyingi atakuambia anaitegemea Baco. Inatoa kinywaji kinene, chenye plamu kavu na viungo. Ukiona jina hilo kwenye lebo yako, furahi.

Udongo nao umegawanywa. Rais Armand Fallières, ambaye mwenyewe alizaliwa Mézin humohumo, alisaini mipaka ya eneo mwaka 1909, na jina likapata ulinzi kamili mwaka 1936. Bas-Armagnac, upande wa magharibi, una mchanga wa rangi ya kahawia na ndio unaotoa chupa laini zenye matunda. Ténarèze, kuzunguka mji wa Condom, una mfinyanzi na chokaa, na vinywaji vyake ni vikavu, vinavyodai subira. Haut-Armagnac una mizabibu michache tu siku hizi. Chupa nyingi zenye mwaka zinatoka Bas-Armagnac, na pengine yako pia.

Kinywaji kikitoka mtamboni kinaingia kwenye pipa jipya la mwaloni la lita 400 hivi, kwa desturi la mwaloni mweusi wa Gascogne. Huko kinanyonya rangi na tanini, yaani ukakasi wa mbao, kwa haraka, kwa hiyo baada ya miezi michache au mwaka na nusu kinahamishiwa pipa kuukuu, la sivyo utakunywa ubao. Kuanzia hapo ni kazi ya hewa. Kila mwaka asilimia 2 au 3 hivi hupotea kwa kupenya kwenye mbao, hasara ambayo Wafaransa huiita fungu la malaika, na nguvu ya alkoholi hushuka polepole. Wengine huishusha kwa kuongeza maji kidogokidogo yaliyochanganywa na Armagnac, kwa sababu maji matupu yakimwagwa kwa mkupuo huvuruga ladha. Wengine hawaongezi chochote, na chupa zao zinatoka na asilimia 45, 47 au zaidi. Soma namba yako. Chini ya 40 hairuhusiwi.

Mbao zikizidi nazo zinaharibu. Baada ya miaka 40 au zaidi, mwenye ghala anapoonja na kuona ukavu wa ubao unaanza kushinda, humimina kila kilichobaki kwenye madumu makubwa ya kioo yaliyosukiwa matete, na hapo ndipo saa inasimama hata kabla ya chupa. Kwa hiyo mtu akijitapa kuwa ana chupa ya 1900, haimaanishi imekaa miaka zaidi ya 100 kwenye pipa.

Sasa nyumbani kwako. Kwanza itoe kwenye hilo kabati la sebuleni kama lina milango ya kioo na jua la jioni linafika. Iweke mahali penye giza, mbali na jokofu na jiko, na iwe imesimama wima. Mvinyo hulazwa ili kizibo kibaki na unyevu, lakini brandi ikilazwa alkoholi yake hula kizibo na kukipa kinywaji ladha ya karatasi. Joto la Dar si rafiki. Nyuzi 32 mchana na 25 usiku, mwaka baada ya mwaka, kinywaji kinatanuka na kusinyaa na kizibo kinachoka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja hadi 2038. Ukiamua kungoja kwa sababu ya moyo tu, sina ugomvi na moyo wa mtu, ila weka alama ya penseli kwenye lebo mahali kinywaji kilipofika. Ukiona kimeshuka, fungua wiki hiyohiyo.

Siku ya kuifungua, usitafute yale maglasi makubwa ya mviringo ya kwenye filamu, na usipashe glasi juu ya mshumaa. Yanarusha alkoholi yote puani kwa wakati mmoja. Chukua glasi ndogo yenye kiuno na mdomo mwembamba. Ya mvinyo mweupe inatosha. Mimina sentilita 3, siyo zaidi, kisha iache robo saa. Chumba kikiwa na joto kali, washa feni au kiyoyozi, au weka glasi tupu kwenye jokofu dakika 10 kabla ya kumimina. Joto bora ni la nyuzi 20 hivi, na sebule zetu hazifiki huko zenyewe. Pua usiizamishe. Nusa ukiwa mbali, kisha sogea. Utaanza na plamu na zabibu kavu, halafu vanila na mdalasini kutoka kwenye mbao. Kama kweli ilikaa miaka 25 au 30 kwenye pipa, utapata harufu ya njugu, ngozi ya zamani na uyoga ambayo wao huiita "rancio", na ndiyo wanayoilipia fedha.

Mdomo wa kwanza uwe wa kulowesha ulimi tu, ili kinywa kizoee. Wa pili ndio wa kuonja. Ikikuchoma na ina asilimia 46 au 47, dondosha matone mawili matatu ya maji, hakuna atakayekucheka. Barafu hapana. Inaziba ile harufu ambayo shemeji yako ameilipia. Ukitaka Armagnac ya barafu ipo, ile nyeupe isiyopita kwenye mbao, "Blanche", iliyopewa kanuni zake rasmi mwaka 2005. Hiyo huwekwa hadi kwenye friza. Wagascogne wenyewe wana desturi zao: wengine hunywa kidogo katikati ya mlo mzito ili kupata nafasi ya kuendelea kula, wengine humimina tone kwenye kikombe cha kahawa kilichoisha tu kikiwa bado na joto, na wauzaji ghalani hudondosha kidogo kiganjani, husugua mikono, hungoja alkoholi iruke, kisha hunusa. Jaribu hiyo ya mikono, haikugharimu kitu.

Kwa kitafunio, kule hutumia plamu kavu za Agen zilizolowekwa ndani yake. Hapa kwetu weka tende na korosho zilizokaangwa bila chumvi nyingi, au chokoleti nyeusi. Kinywaji hiki kinakwenda vizuri baada ya chakula, polepole, watu watatu au wanne wanaopenda kuongea. Na kwa kuwa ni asilimia 40 na zaidi, wenye magari waje na dereva.

Chupa ikishafunguliwa unayo miezi kadhaa, hata mwaka, lakini ikifika nusu hewa iliyo ndani inaanza kuila harufu. Hamishia kilichobaki kwenye chupa ndogo safi inayojaa hadi shingoni na ufunge vizuri. Rafiki zako wa Coke wakija siku hiyo, wape Viceroy.